Shajara ya ngazi za Edinburgh: kuchora mji wenye ghorofa mbili

Septemba, mwishoni

Haya, naanza rasmi. Nataka kuchora ramani ya ngazi za zamani za mji mkongwe wa Edinburgh, na sio ramani ya watalii, hao washahudumiwa vya kutosha, hii ni ya watu wanaoishi hapa na hasa hawa wadogo zetu wanaokuja kusoma kila mwaka kutoka Dar, Nairobi, Kampala, wanashuka kwenye treni na begi zito, simu inawaambia "umefika" afu wanaangalia kushoto ukuta, kulia ukuta, hosteli iko juu ya kichwa chao.

Hiyo ndo shida yenyewe. Ramani ya simu inauchora huu mji kama umelala chini tambarare. Ukiweka kidoti kwenye barabara ya George IV Bridge na kidoti kingine Cowgate vinakaa sehemu ile ile, unasema nipo hapo hapo, kumbe mmoja uko darajani na mwingine uko chini ya daraja na huwezi kutoka huku kwenda kule bila kuzunguka. Maktaba Kuu ya mji iko hivyo hivyo, mlango uko juu darajani, umeandikwa maneno ya "kuwe na nuru", ukiingia unadhani upo chini kabisa kumbe jengo linaendelea kushuka ghorofa kwa ghorofa mpaka Cowgate.

Mi ni mtu wa Mwanza, nimekulia kwenye nyumba zilizojengwa juu ya mawe, kilima hakinitishi. Ila Mwanza ukiangalia juu unaona unakoenda. Hapa huoni.

Kwanini mji uko hivi ni habari ndefu kidogo lakini bila hiyo ngazi hazieleweki. Huu mwamba wenye ngome juu yake ni koo la volkano iliyokufa zaidi ya miaka milioni 300 iliyopita. Baadae sana, enzi za barafu, mto wa barafu ulitoka magharibi ukaukuta mwamba mgumu, ukashindwa kuusaga, ukagawanyika ukapita pembeni, ukachimba bonde huku na bonde huku, na nyuma ya mwamba upande wa mashariki ukaacha mgongo mrefu unaoteremka taratibu. Watu wakajenga ngome kwenye mwamba na mji kwenye mgongo. Barabara moja tu kuu juu, hiyo Royal Mile, kama kilomita 1.8 kutoka ngome hadi ikulu ya Holyrood, afu vichochoro vyembamba vinadondoka pande zote mbili kwenda mabondeni, vingine mteremko, vingine ngazi tupu.

Karne ya 18 wenyewe wakachoka kushuka na kupanda, wakaanza kujenga madaraja ya kurukia mabonde. North Bridge ya kwanza ilimalizika 1772 (iliyopo leo ni ya 1897), South Bridge 1788, George IV Bridge ikafuata miaka ya 1830. South Bridge ina matao 19 ila linaloonekana ni moja tu, pale Cowgate, mengine yote yamefunikwa na majengo yaliyojengwa kwa kuegemea daraja, ndo maana unaweza kupita pale unatafuta chaja ya simu duka kwa duka na hujui kama upo darajani. Chini mle ndani ya matao kulikuwa stoo na karakana, baadae maskini wakahamia humo wakaishi bila dirisha.

Kwa hiyo mji una ghorofa mbili na ngazi ndo kiungo, na hicho kiungo ndo hakionekani vizuri kwenye simu. Basi.

Oktoba

Namna ya kufanya kazi imeshakaa sawa. Nina karatasi mbili nyembamba zile zinazoonyesha kilicho chini yake. Ya kwanza nimechora mji wa chini tu, Cowgate, Grassmarket, Market Street, stesheni ya Waverley. Ya pili mji wa juu, Royal Mile na madaraja yake. Ukizilaza moja juu ya nyingine unaona mji mzima, ukizitenganisha unaelewa. Ngazi nazipa namba, mdomo wa chini upo karatasi ya chini, mdomo wa juu upo karatasi ya juu, namba ile ile.

GPS nimeachana nayo humu vichochoroni. Kuta ni ndefu na zimebanana, mawimbi ya satelaiti yanagonga ukuta yanarudi, simu inakuruka inakupeleka mpaka katikati ya kanisa la St Giles. Badala yake natumia kipima hewa (barometer) kilichomo ndani ya simu, simu nyingi za siku hizi zinacho na watu hawajui. Mgandamizo wa hewa unapungua kama hektopaskali 1 (ndo kipimo chake) kila ukipanda mita 8 hivi, na kipimo kinahisi hata ngazi chache tu, kwa hiyo nasimama chini naandika, napanda, nasimama juu naandika, natoa, napata urefu. Sharti ni uende haraka, maana hewa ya Scotland inabadilika yenyewe ukiwa umesimama na utadhani umepanda kumbe mvua inakuja. Siku ya upepo mkali sipimi kabisa.

Idadi ya ngazi siandiki kwenye ramani. Watu wameniuliza sana kuhusu hili. Ukweli mtu mwenye begi haitaji kujua kama ni 60 au 70, anataka kujua kuna mahali pa kupumzika katikati? kuna chuma cha kushikilia? taa inawaka? mawe yanateleza? Hayo ndo naandika. Na mdomo wa juu unatokea wapi, hilo la kwanza kabisa.

Oktoba, wiki ya mwisho

Upande wa kaskazini wa High Street (kipande cha kati cha Royal Mile), ule unaodondokea stesheni. Huku ndo kuzuri kuliko kote na ntakaa huku muda mrefu.

Advocate's Close (close ndo jina la hapa la kichochoro) wengi wanaijua kwa picha, unasimama juu unaona mnara wa mwandishi Walter Scott umekaa sawasawa katikati ya kuta mbili. Picha sawa, piga. Ila angalia mlango mmoja wa mawe pembeni una mwaka 1590 na maneno ya kumshukuru Mungu kwa karama zake zote, mwenye nyumba alikua mfanyabiashara wa mji, na huo mlango uko pale pale tangu wakati Wareno bado wanahangaika kuishika Mombasa. Ngazi zenyewe ni nzuri, zimetengenezwa upya sehemu kubwa, chuma kipo. Nimeipa rangi ya kijani, yaani pita bila wasiwasi; njano ni angalia, nyekundu ni hatari.

Warriston's Close iko jirani tu, pana zaidi, wenye mji wanaitumia kuliko Advocate's kwa sababu haina foleni ya watu wa picha. Kijani pia.

Anchor Close nimepaka njano, ni kali na nyembamba na mawe yake yakilowa sio mchezo. Hapa ndo palikua na kiwanda cha uchapaji cha William Smellie, mashairi ya Robert Burns toleo la Edinburgh la 1787 yalichapwa humu, mshairi mwenyewe alikua anashuka hapa kuja kukagua kurasa zake. Sa hizi ni milango ya nyuma ya majengo na mapipa ya taka.

Fleshmarket Close ndo mfalme wa njia za mkato. Inatoka High Street inashuka, inakata Cockburn Street, inaendelea kushuka kwa ngazi hadi Market Street, unatokea usoni kwa stesheni. Zamani walikua wanashuka nayo kwenda soko la nyama. Ukichelewa treni hii ndo yako, ila kipande cha chini cha kuelekea Market Street ni kali kweli na usiku wa Ijumaa kuna walevi wamekaa kwenye ngazi, hawana ubaya, unasema samahani unapita.

Cockburn Street yenyewe ina kisa. Inapinda kwa sababu treni zilipofika, karne ya 19, watu wenye farasi walihitaji njia ya kupanda kutoka stesheni mpaka High Street na farasi hapandi ngazi. Kwa hiyo miaka ya 1850 walikata barabara yenye kona kupitia katikati ya vichochoro, ndo maana ukiwa pale unaona vichochoro vimekatwa viuno, nusu juu ya barabara, nusu chini. Kwenye ramani yangu hivi naviandika namba moja yenye a na b.

Novemba

Paisley Close. Hakuna ngazi ya maana hapa ila lazima iwepo kwenye shajara maana ndo inaeleza kwanini vichochoro vingi havipo tena.

Usiku wa tarehe 24 Novemba 1861 jengo refu la ghorofa nyingi lilianguka High Street watu wamelala ndani, wakafa 35. Waokoaji walipokua wanakaribia kuacha wakasikia sauti ya kijana kutoka chini ya kifusi akiwaambia waendelee kuvuta, yeye hajafa bado. Juu ya mlango wa Paisley Close kuna kichwa cha huyo kijana kimechongwa kwenye jiwe na maneno yake hayo yamezungushwa. Nimesimama pale nje na mvua, watu wanapita na chakula mkononi, hakuna anayeinua kichwa.

Kilichofuata ndo muhimu. Mwaka uliofuata mji ukamteua daktari wa kwanza wa afya ya mji, Henry Littlejohn, huyo bwana akapita nyumba kwa nyumba, kichochoro kwa kichochoro, akaandika ripoti ya 1865 ya namna watu walivyobanana na maji hakuna. 1867 ikatoka sheria ya kuboresha mji, Chambers Street ikakatwa, St Mary's Street na Blackfriars zikapanuliwa, Jeffrey Street ikachorwa. Vichochoro vikaenda na maji. Kuna watu wanalia mpaka leo kuhusu uzuri uliopotea, mi ukinisomea ile hali ya watu walivyokua wanaishi silii sana. Ila kwa mchoraji wa ngazi ni kazi, maana upande huu unakuta kichochoro kina mdomo mzuri juu, jina limeandikwa kwa dhahabu, unaingia kwa matumaini, kinaishia ukutani au kwenye ua la watu. Hivo nimevipa alama ya X. Kwa mgeni mwenye begi, X moja inaokoa dakika kumi.

Nje ya mada kidogo: majengo mengi bado yana ngazi za ndani za kuzunguka, za mawe, zinazotumika na wapangaji wote. Mzee mmoja Mskoti ambae tuliongea mlangoni kwake kaniambia utotoni mwake kulikua na kadi inatundikwa kwenye kitasa cha mlango wako, imeandikwa wiki hii ni zamu yako kuosha ngazi, ukimaliza unaitundika kwa jirani. Nikamwambia sisi kwetu ingeitwa zamu ya choo, akacheka sana.

Desemba

Saa tisa na dakika arobaini alasiri jua limezama. Asubuhi halitoki mpaka karibu saa tatu. Kazi ya mchana imekufa kwa hiyo nafanya ya taa, napita usiku kuona ipi inawaka na ipi giza, na nimegundua rangi zangu za Oktoba zinahitaji safu ya pili, rangi ya mchana na rangi ya usiku wa barafu. Advocate's ya kijani wakati wa baridi inakua njano. Anchor inakua nyekundu bila mjadala.

Mawe ya hapa ni mchanga ulioganda kuwa jiwe, na miaka mia kadhaa ya viatu imeyala katikati, yamekua na kibonde. Kibonde kinashika maji, maji usiku yanaganda, asubuhi umevaa raba za Kariakoo unashuka kwa makalio. Kanuni yangu ni moja, tembea pembeni karibu na ukuta ambapo jiwe bado lina ncha yake, wengi wanapita katikati kwa sababu ndipo panapoonekana pameandaliwa. Na angalia yale mapipa ya chumvi ya halmashauri, yapo sehemu nyingi za miteremko, chumvi ile ni ya kumwaga kwenye njia, chota mwaga, hakuna atakaekuuliza.

Vennel nimeifanya mwezi huu. Inatoka Grassmarket inapanda kusini, na ukifika juu ukigeuka unaona ngome yote iko mbele yako ng'ambo ya bonde. Juu kabisa kuna kipande cha ukuta wa Flodden na mnara wake. Ukuta huu ulianza kujengwa baada ya vita ya Flodden ya 1513, mfalme James IV aliuawa huko na Waingereza, mji ukaogopa ukajifungia. Kwa muda mrefu sana mji haukutaka kutoka nje ya ukuta, watu wakaongezeka, pa kwenda hakuna, wakajenga kwenda juu. Hapo ndo zilipotoka nyumba ndefu na vichochoro vyembamba. Kwa hiyo ukipanda Vennel unapanda kuelekea kwenye sababu yenyewe.

Kwa mwanafunzi, Vennel ni njia ya kutoka Grassmarket kwenda Lauriston. Chuma cha kushikilia kipo, pumziko lipo. Usiku wa barafu: nyekundu.

Januari

Nilionyesha rasimu kwa watu kwenye chai ya Waswahili. Dada mmoja wa Mombasa, ana mtoto mdogo, kaishika ramani kaigeuza geuza afu kanitazama.

"Kaka, kazi nzuri mashallah, lakini mimi na hiki kigari cha mtoto yanihusu nini?"

Nikamwambia dada ngoja. Na kwa kweli ana haki, ramani ya ngazi isiyosema pa kupita mtu asiyeweza ngazi ni nusu ramani. Kwa hiyo imeongezeka rangi ya bluu, njia za kutoka ghorofa ya chini kwenda ya juu bila ngazi hata moja. Cockburn Street kutoka stesheni. Candlemaker Row kutoka Grassmarket mpaka pale kwenye sanamu ya mbwa. Guthrie Street inayojikunja kutoka Cowgate kwenda Chambers Street. Blair Street kutoka Cowgate kwenda Hunter Square, mteremko mkali ila magurudumu yanapita. Pale Waverley Steps upande wa Princes Street sasa kuna ngazi za umeme, na afadhali, maana zile ngazi zinajulikana mji mzima kwa upepo, unapanda huku umeshika kofia, koti na imani yako.

Nimempelekea. Kajibu "sasa hapa twaelewana". Tukamaliza.

Februari

Scotsman Steps. Hizi ziko ndani ya mnara kando ya jengo la zamani la gazeti la Scotsman, zinatoka Market Street zinapanda kwa kuzunguka mpaka North Bridge. Kwa miaka mingi zilikua chafu, njia ya kukojolea tu. 2011 msanii Martin Creed akaziwekea marumaru, ngazi 104 na kila moja marumaru ya aina yake kutoka machimbo tofauti duniani, ya kijani, ya pinki, nyeusi yenye mishipa myeupe. Hii ndo idadi pekee ntakayoiandika kwenye ramani kwa sababu hapa idadi ni sehemu ya kazi. Ninachopenda ni kwamba hakuna kamba wala mlinzi, ni sanaa unaikanyaga ukiwahi kazini. Harufu bado ipo kidogo baadhi ya siku, lakini mvua haikupigi. Kijani, mchana na usiku wa barafu pia.

Chini yake, ukivuka kwenda bustani za Princes Street, karibu na mnara wa Scott amesimama Livingstone wa shaba. Wengi wetu tunapiga nae picha tu. Mi kila nikipita nawakumbuka zaidi Chuma na Susi, walioubeba mwili wake kwa miguu mpaka Bagamoyo, na hao hawamo bustanini.

Na Mwalimu nae. Nyerere alisoma hapa kuanzia 1949 hadi 1952, chuo kikuu cha Edinburgh. Kutoka stesheni kwenda chuoni hakuna namna ya kuukwepa huu mgongo, utaupanda tu, kwa daraja au kwa ngazi. Nimeweka kwenye ramani njia ninayowapendekeza wageni wa kwetu siku ya kwanza: begi acha hosteli, toka Waverley, panda Fleshmarket, vuka High Street, shuka Blair Street, pita chini ya lile tao moja la South Bridge linaloonekana, panda hadi Infirmary Street, utatokea Old College, jengo la zamani la chuo. Nusu saa tu na ghorofa zote mbili umeshazishika.

Machi

Kaskazini magharibi. Playfair Steps kutoka kwenye majumba ya sanaa, zinapanda hadi Mound, unavuka, Mound Place, unaingia ngazi za Mylne's Court unatokea juu Lawnmarket, kipande cha juu cha Royal Mile. Hii ndo njia nzima kutoka mji mpya kwenda mji mkongwe bila kuzunguka popote. Mylne's Court ilijengwa 1690, na leo ni hosteli ya chuo, kwa hiyo kuna wanafunzi wanalala kwenye jengo la karne ya 17 na kazi yao kubwa ni kulalamika intaneti.

Mound yenyewe sio kilima cha Mungu. Hapo chini palikua na ziwa, Nor Loch, maji machafu ya mji yote yaliishia humo. Walilikausha kuanzia 1759, na mji mpya ulipoanza kujengwa kwa mchoro wa James Craig wa 1767 ule udongo wa misingi ya nyumba walikua wanakuja kuumwaga bondeni, mkokoteni juu ya mkokoteni, zaidi ya milioni moja, mpaka ukawa tuta la kupitia. Watu walijenga kilima kwa taka ya ujenzi. Kwa hiyo kipima hewa changu kikisema nimepanda pale, nimepanda misingi ya nyumba za matajiri wa George Street.

Aprili

Castle Wynd, kutoka Grassmarket mpaka Johnston Terrace na kuendelea hadi juu karibu na ngome. Ndefu, ndefu sana, ina mapumziko, na miguu ya mtu aliyetoka kufunga itamwambia ukweli. Pale juu ni mitaa ya Patrick Geddes, mpangaji miji, huyu aliishi Ramsay Garden miaka ya 1890 na ndie aliewaambia wenye mji waache kubomoa kila kitu, waondoe nyumba mbovu moja moja, walete hewa, waache mtaa uishi. Baadae alikwenda India kupanga miji, na Lanchester, mpangaji miji mwenzake aliefanya nae kazi huko Madras, ndie alikuja kuuchorea Zanzibar mpango wa mji mwaka 1923. Mtu wa Unguja akisoma hapa ajue kuna uzi kutoka ngazi hizi mpaka kwao.

Data nimeanza kuingiza OpenStreetMap, ramani ya bure ya mtandaoni inayochorwa na watu wenyewe, wanaruhusu kuandika kama njia ni ngazi, kama kuna chuma, upande gani ni juu, kama kuna taa. Ni kazi ya kuchosha ila ndo itakayobaki hata mi nikirudi nyumbani. Toleo la karatasi nachapa Agosti mwishoni kabla watoto hawajaanza kushuka.

Zilizobaki: Calton Hill yote, na Jacob's Ladder inayotoka Calton Road kwenda Regent Road, ile iliyochongwa kwenye mwamba. Kusini ya Cowgate kuna vipande viwili vitatu vina mageti, nahitaji kujua yanafungwa saa ngapi. Dean Village sijaigusa. Mwenye mguu mzuri na Jumamosi tupu aje, kipima hewa anacho kwenye simu yake, kalamu ntampa mimi.